Namna ya kupanga kanuni yako mwenyewe ya sabuni ya mafuta ya zeituni

Swali: "Nimetengeneza sabuni ya mafuta ya zeituni nyumbani mara mbili, kila mara kwa lita moja ya mafuta, nikifuata maelekezo yaliyopimwa kwa vikombe na vijiko. Ya kwanza niliikoroga saa nzima haishiki, na hata sasa baada ya wiki tatu bado ni laini, tena ukinawia inatoa ute badala ya povu. Ya pili nilipunguza maji na kuongeza kostiki kidogo. Ikawa ngumu, ikameguka vipande nilipoikata, na inawasha mikono. Nimechoka kuiga maelekezo ya watu, nataka kupanga kanuni yangu mwenyewe. Nianzie wapi, na je, ni lazima nichanganye zeituni na mafuta mengine?"

Jibu: Ndugu msomaji, ulivyozieleza sabuni zako mbili zilizoharibika inatosha kabisa kunionyesha tatizo liko wapi. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: si lazima uchanganye. Sabuni ya zeituni tupu ni sabuni kamili, lakini ina tabia zake, na asiyezijua huzidhania kuwa kasoro. Kuhusu pa kuanzia, weka kando vikombe na vijiko na utafute mizani inayosoma gramu moja moja, kwa maana sabuni zako ziliharibika kwenye vipimo kabla hata hujaanza kukoroga.

Lita moja ya mafuta ya zeituni haina uzito wa kilo moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na lita ya zeituni huwa na gramu 915 hivi. Tuseme aliyeandika maelekezo alikusudia gramu 1000 za mafuta kwa gramu 127 za kostiki, nawe ukatia lita moja ukiamini ni kilo. Mafuta uliyotia yana uwezo wa kumeza kostiki gramu 122 au 123 tu, kwa hiyo gramu nne hadi tano zimebaki bila mafuta ya kushikana nayo, na hizo ndizo zinazowasha mikono. Hapo hata kijiko hatujakigusa. Kostiki huja ikiwa vipande bapa, punje za mviringo kama shanga, au unga, na kikombe kilichojaa punje hubeba kostiki nyingi zaidi kuliko kikombe kilichojaa vipande bapa, ambavyo huacha hewa nyingi katikati yake. Aliyeandika "kikombe kasoro robo" alikuwa na aina yake mkononi, nawe una yako. Kisha kwenye sabuni ya pili ukaongeza "kidogo" juu ya kipimo ambacho tayari kilikuwa kimezidi, na sabuni iliyozidiwa na kostiki huwa hivyohivyo ulivyoiona: ngumu, kavu, yenye kumeguka kama chaki.

Ili upange kanuni mwenyewe, inakubidi ujue kinachotokea ndani ya sufuria. Molekuli ya mafuta ina umbo la uma wenye meno matatu: mpini ni gliserini, na kila jino ni asidi moja ya mafuta. Kostiki, ambayo kwa jina la kikemia ni haidroksidi ya sodiamu, huyang'oa meno hayo. Kila jino likikamatwa na sodiamu linakuwa sabuni, na mpini, yaani gliserini, hubaki huru ndani ya sabuni hiyohiyo. Uma mmoja huhitaji kostiki tatu, si mbili wala nne. Uma wenye asidi tatu za oleiki, ambayo ndiyo asidi kuu ya zeituni, una uzito wa 885 kwa vipimo vya kemia, na kostiki tatu zina uzito wa 120. Ukigawanya 120 kwa 885 unapata 0.1356, na ndiyo sababu majedwali ya watengenezaji wa sabuni husema kwamba gramu moja ya zeituni huhitaji gramu 0.134 hadi 0.135 za kostiki. Mafuta ya nazi yana asidi fupi, hasa ya lauriki, kwa hiyo katika uzito uleule mna molekuli nyingi zaidi zenye kuhitaji kostiki, na namba yake hupanda hadi 0.183 hivi. Hii ndiyo maana huwezi kuchukua kanuni ya zeituni, ukabadilisha mafuta na kuacha kostiki ilivyokuwa.

Katika majedwali kuna mtego mmoja ambao umewaunguza wengi. Baadhi ya majedwali hutoa namba kwa miligramu za haidroksidi ya potasiamu, ile inayotumika kwa sabuni za maji, na hapo zeituni utaiona imeandikiwa 188 au namba iliyo jirani nayo. Namba hiyo igawanye kwa 1403 ndipo uitumie kwa kostiki ya sabuni ya kipande: 188 kwa 1403 ni 0.134. Ukiichukua 0.188 kama ilivyo, utatia kostiki iliyozidi kwa asilimia 40, na hiyo haitakuwa sabuni ya kumgusisha mtu. Vilevile usikubali kuambiwa kwamba magadi, au magadi soda ya jikoni, yanaweza kushika nafasi ya kostiki. Ni vitu viwili tofauti, na magadi hayana nguvu ya kuyageuza mafuta haya kuwa sabuni kwa njia hii ya baridi, yaani bila kupika.

Sasa tuhesabu. Gramu 1000 za zeituni mara 0.134 ni gramu 134 za kostiki. Hicho ni kipimo cha kugeuza mafuta yote bila kubakiza hata tone, na hakuna mtu makini anayekitumia kama kilivyo, kwa sababu mizani ina makosa yake madogo na mafuta ya chupa hii hayalingani kabisa na ya chupa ile. Tunaacha sehemu ya mafuta bila kugeuzwa, ambayo mimi huiita akiba. Akiba ya asilimia 5 maana yake ni kutumia asilimia 95 ya kostiki iliyohesabiwa: 134 mara 0.95 ni 127.3, basi pima gramu 127. Wapo wanaopandisha akiba hadi asilimia 8 au 10 wakitafuta ulaini kwa ngozi. Kwa sabuni ya zeituni sikushauri, kwa kuwa ni sabuni ya upole tangu mwanzo, na akiba kubwa huifanya iwe laini zaidi, ipunguze povu na iwahi kuchacha. Kati ya 3 na 5 panatosha.

Pengine umesoma kuhusu sabuni ya Marseille, ambayo mwaka 1688 amri ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa ilitaka itengenezwe kwa mafuta ya zeituni pekee, ukajiuliza mafundi wale waliwezaje bila hesabu hizi. Wao walipika sabuni katika matangi makubwa, wakatia kostiki kwa wingi, kisha wakaiosha sabuni kwa maji ya chumvi mara kadhaa ili kuondoa iliyozidi. Wewe unatengeneza kwa njia ya baridi, na kila unachotia ndani ya chombo kinabaki ndani ya sabuni. Huna nafasi ya kuosha baadaye, kwa hiyo kazi ambayo kwao ilifanywa na maji ya chumvi, kwako inafanywa na mizani na kalamu.

Kipimo cha tatu ni maji, na hapa ndipo sabuni yako ya kwanza iliposhindwa. Maji hayageuki kuwa sabuni. Kazi yake ni kuyeyusha kostiki na kuisambaza ndani ya mafuta, kisha yanatakiwa yaondoke. Maelekezo mengi husema utumie maji ya asilimia 38 ya uzito wa mafuta, ambayo kwa kilo moja ni gramu 380. Kwa zeituni tupu ni mengi mno. Yanaichelewesha hatua ya uji, yaani pale mchanganyiko unapoanza kuwa mzito na kushika, yanaifanya sabuni ikae laini kwa wiki nyingi, na yanapotoka huiacha imejikunja na kupinda. Ni afadhali uhesabu maji kutokana na kostiki, wala si kutokana na mafuta. Kostiki huhitaji angalau maji ya uzito sawa na wake ili iyeyuke; chini ya hapo usishuke kamwe. Kwa zeituni tupu napendekeza mara 1.6: gramu 127 mara 1.6 ni gramu 203. Linganisha na zile 380, uone kwamba gramu 177 za maji ambazo zingehitaji miezi kutoka hewani hazikuingia kabisa. Kwa sabuni iliyochanganywa mafuta yanayoshika haraka, kama nazi, rudi kwenye mara 2, upate muda wa kumimina bila kukimbizana. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, ikiwezekana, kwa sababu maji yenye chokaa hula sehemu ya sabuni na kuacha utando, na chembe za madini zilizomo huharakisha kuchacha kwa mafuta ya akiba.

Basi kanuni ya zeituni tupu ni hii: mafuta ya zeituni gramu 1000, kostiki gramu 127, maji gramu 203. Ukitaka itoke kwenye kalibu mapema zaidi, yeyusha gramu 10 za chumvi ndani ya maji hayo kabla ya kutia kostiki. Usizidishe, kwa maana chumvi nyingi hupunguza povu, na povu la zeituni halina cha kupunguzwa.

Tuje kwenye ute, ambao nadhani ndio uliokuvunja moyo zaidi. Sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni, kwa kawaida kati ya asilimia 55 na 83, ni asidi ya oleiki. Sabuni ya asidi hiyo ni mpole kwa ngozi, lakini hupenda maji kupita kiasi: badala ya kuyeyuka kidogokidogo juu juu, huyanywa, ikavimba na kufanya utando mzito unaovutika kama ute wa yai. Jaribu kuangalia kwa karibu. Chukua kipande chako cha kwanza, kilowanishe, kisugue mara tatu kwa kidole gumba, kisha inua kidole taratibu. Utaona uzi mwembamba unanyooka kabla ya kukatika. Haina maana kwamba sabuni haijaiva au kwamba ulikosea kipimo. Ndiyo tabia ya sabuni ya oleiki ikiwa bado changa, na hupungua sana kadiri miezi inavyopita, maji yanavyotoka na chembe za sabuni zinavyojipanga upya na kushikana. Haiishi kabisa, ingawa wauzaji wengine watakuapia kwamba inaisha. Sabuni ya zeituni ya wiki tatu na ile ya miezi kumi, zilizotoka kwenye sufuria moja, mtu akinawa nazi kwa zamu atadhani zimetoka kwa mafundi wawili tofauti.

Kwa hiyo, kupanga kanuni ya sabuni ya zeituni ni kuamua utalipa kwa muda au kwa mafuta mengine. Ukikubali kusubiri miezi sita, na afadhali mwaka, zeituni tupu itakupa kipande kigumu kama jiwe laini, chenye povu dogo, zito, la kama maziwa. Usipoweza kusubiri, au ukipenda mapovu makubwa, lazima ulete asidi ambazo zeituni haina au inazo kidogo. Asidi za lauriki na miristiki, zilizojaa kwenye mafuta ya nazi na ya kiini cha mchikichi, huleta povu jingi la haraka na ugumu wa mapema. Zikizidi hukausha ngozi kwa kuwa husafisha kupita kiasi. Asidi za palmitiki na steariki, zinazopatikana kwenye mawese, siagi ya shea na mafuta ya ng'ombe, huleta ugumu unaodumu na povu la utulivu. Mafuta ya nyonyo yana asidi yake ya pekee, ambayo yenyewe haitoi povu kubwa lakini hulishika la mwenzake lisivunjike haraka. Yakizidi asilimia 10 sabuni hunata. Hata sabuni ya Aleppo, mji wa Syria, maarufu kwa zeituni yake, kwa desturi hutiwa mafuta ya tunda la mlaureli, na mafuta hayo yana asidi ya lauriki. Kwa hiyo usione haya kuchanganya.

Kwa mtu aliyefika ulipofika wewe, ningependekeza zeituni gramu 700, nazi gramu 250 na nyonyo gramu 50. Hesabu yake hufanywa mafuta moja moja, kisha hujumlishwa: 700 mara 0.134 ni 93.8, 250 mara 0.183 ni 45.75, 50 mara 0.128 ni 6.4. Jumla ni 145.95, na ukiondoa akiba ya asilimia 5 unabaki na 138.65, yaani kostiki gramu 138 na nusu hivi, na kama mizani yako haisomi nusu, chukua 138. Maji mara 2 ni gramu 277. Kwa kuwa theluthi mbili hivi za mafuta ya nazi ni lauriki na miristiki, robo ya nazi katika kanuni inaleta asidi hizo kwa asilimia 16 hadi 17 ya mafuta yote, kiasi ambacho kwa maoni yangu ndicho ukingo wa juu kwa sabuni ya kuogea. Mwenye ngozi kavu au mwenye mtoto mdogo ashushe nazi hadi gramu 100 na kupandisha zeituni hadi 850, nyonyo ibaki 50. Kostiki itakuwa gramu 131 na nusu, na maji 235 yanatosha. Sabuni hii ya pili itatoa ute kidogo katika miezi ya mwanzo, na hilo usilishangae.

Kuhusu zeituni yenyewe, usitumie fedha kwenye mafuta bikira ya daraja la juu kwa ajili ya sabuni. Harufu na ladha unazozilipia humalizwa na kostiki siku ya kwanza. Zeituni iliyosafishwa hufanya kazi vizuri, na yale yatokanayo na makapi ya zeituni hushika haraka zaidi, wakati mwingine haraka ya kumshtua mtu aliyezoea saa nzima ya kukoroga. Kinachonihangaisha zaidi ni umri wa mafuta, na ukweli wa chupa. Mafuta yaliyoanza kuchacha hutoa sabuni yenye madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani baada ya miezi michache, na zeituni iliyoongezwa kisirisiri mafuta ya mbegu ina asidi nyingi ya linoleiki, inayochacha kwa urahisi. Kama utakomaza sabuni mwaka mzima, mafuta mabovu yatakuwa na mwaka mzima wa kukuaibisha.

Utengenezaji wenyewe nitaueleza kwa kifupi, isipokuwa pale penye hatari. Vaa miwani ya kinga, glavu na nguo ya mikono mirefu, na watoto wawe mbali, si chumba cha pili. Tia kostiki ndani ya maji, kidogokidogo huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, kwa sababu hupata moto ghafla na kuruka. Hata ukifanya sawasawa, maji yatapanda joto hadi nyuzi 80 au zaidi na kutoa mvuke usiofaa kuvutwa, kwa hiyo fanyia penye hewa. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au cha plastiki nene inayostahimili joto, kamwe kisiwe cha alumini, kwa sababu kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kostiki ikikurukia mwilini, fungulia maji mengi yanayotiririka papo hapo na uendelee kuosha. Usihangaike kutafuta siki. Ikiingia jichoni, osha mfululizo angalau dakika 15 na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Maelekezo mengi husisitiza kwamba kostiki ilowekwe siku tatu na kwamba sabuni ikorogwe kuelekea upande mmoja tu. Yote mawili hayana msingi. Kostiki ikishayeyuka na kupoa iko tayari, na kuiacha wazi kwa siku tatu huifanya ivute hewa ya kaboni na kupungua nguvu. Sabuni nayo haina habari na upande unaokorogea. Yenye maana ni kwamba mafuta na maji ya kostiki viwe kwenye nyuzi 40 hivi, na kwamba mchanganyiko usagwe kweli. Kwa mwiko pekee zeituni tupu yaweza kuchukua saa kadhaa; kwa blenda ya mkono, ukiwasha sekunde chache, ukizima na kukoroga, kisha ukiwasha tena, huchukua dakika. Umefika kwenye uji pale ambapo ukiinua mwiko na kudondosha, tone linaacha alama juu kwa muda kabla ya kuzama. Mimina, funika, weka mahali pa joto. Mchanganyiko wenye nazi hutolewa kwenye kalibu baada ya siku moja au mbili. Zeituni tupu ipe siku tatu hadi saba, na uikate mara tu inapoacha kubonyea kwa kidole chenye glavu. Vumbi jeupe likitokea juu usiogope, hilo ni kostiki iliyokutana na hewa kabla ya kumaliza kazi, na linafutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Manukato nayataja kwa sababu kila mtu huyauliza: mafuta ya kunukia asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mafuta yanatosha, na yale ya jamii ya limau na machungwa hupotea upesi. Asali, sukari na maziwa huongeza joto ndani ya kalibu. Viache mpaka kanuni tupu ikutii kwanza.

Katika kukomaza, usitegemee kalenda peke yake. Siku ya kukata, chukua kipande kimoja, kipime na uandike uzito wake chini ya tarehe, kisha ukipime kila wiki siku ileile. Utaona kinashuka kwa gramu kadhaa wiki za mwanzo, kisha gramu moja, kisha kinasimama. Sabuni yenye robo ya nazi hufaa kutumika baada ya wiki sita hadi nane. Zeituni tupu inaposimama kwenye mizani bado haijakomaa, kwa kuwa mpangilio wa chembe zake unaendelea kubadilika baada ya maji kuisha. Iache kwenye rafu inayopitisha hewa, mbali na jua, hadi itimize miezi sita. Kila baada ya mwezi nawa kwa kipande kilekile na uandike maneno matatu: povu, ute, ngozi. Daftari hilo litakusaidia kuliko kanuni yoyote utakayoiazima, ilimradi toleo kwa toleo ubadilishe kitu kimoja tu, na ujaribie gramu 500 za mafuta kabla ya kilo.

Zimebaki sabuni zako mbili. Ya kwanza usiitupe bado. Lowanisha kidole, kisugue juu ya sabuni, kisha gusisha povu hilo kwenye ncha ya ulimi na uoshe kinywa. Ikichoma ghafla kama ncha za betri, ina kostiki huru, na iwekwe pamoja na ya pili. Ikiwa na ladha ya sabuni tu, ikate vipande vyembamba, visimamishe kwa nafasi, na uvirudie baada ya miezi mitano. Ya pili isiguse ngozi. Utasikia ushauri wa kuikwaruza, kuiyeyusha kwa maji kidogo na kuiongezea mafuta, na ushauri huo ni sahihi pale ambapo fundi anajua alitia gramu ngapi za kila kitu, kwa sababu anaweza kuhesabu mafuta yanayopungua. Wewe ulipima kwa vijiko, na kiasi cha kostiki iliyozidi hakijulikani, kwa hiyo mafuta utakayoongeza yatakuwa ya kubahatisha. Ukiamua kutoitupa, isage, uitumie kusafishia sakafu ukiwa umevaa glavu, na chombo ulichoihifadhia ukiandike kwa herufi kubwa kwamba si ya kuogea.